Viganja vya Zura

Juzi jirani yangu hapa Kasese alikuwa akiosha bafu lake, akamwaga klorini bila kuipunguza kwa maji, na harufu ikapita chini ya mlango wangu. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka hewa ikasafika. Jirani akaniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba ni kichwa tu. Ningeanzia wapi kumweleza kuwa kwangu mimi hiyo ni harufu ya mtoto anayefutika?

Tulikaa Bwera, kando ya barabara inayoteremka kwenda mpakani mwa Kongo. Baba alikuwa anaosha magari mbele ya nyumba yetu. Alikuwa na pampu ndogo, ndoo, na matambara yaliyogawiwa kazi: lililogusa magurudumu halikugusa bodi, na lililoanguka chini halikurudi juu mpaka lifuliwe. Akimwona mtu anasugua tope kavu kwenye gari lake, au analiosha kwa sabuni ya unga juani, alikunja uso kama amekanyagwa mguu.

"Rangi ni ngozi, Masika," alikuwa akiniambia. "Lowanisha tope kwanza, lilainike, liondoke lenyewe. Ukisugua, unaichuna."

Nilikuwa mtoto anayechukua maneno jinsi yalivyo. Niliamini magari yana ngozi, na kwamba yanaumia. Gari likipita barabarani limekwaruzwa ubavuni, nilikuwa nikilionea huruma.

Hajji Shaban alikuwa mteja wetu wa siku nyingi. Alisafirisha watu na mizigo kati ya Kasese na mpakani kwa gari lake dogo la buluu iliyokoza, buluu ya usiku kabla mwezi haujatoka, na Baba alilipenda gari lile kuliko mengine yote kwa sababu rangi yake ilitunzwa. Mara nyingi Hajji alikuja na binti yake Zura. Mama wa Zura alikuwa ameolewa kwingine, upande wa Kongo, kwa hiyo mtoto alikua kwenye kiti cha nyuma cha baba yake. Tulikuwa wa kimo kimoja. Gari likioshwa, sisi tulikaa chini ya turubai ambapo Mama alikaanga kabalagala, yale maandazi ya ndizi tunayokula moto moto, na tulishindana nani ataweza kulishika la moto zaidi bila kulidondosha.

Siku ile walikuwa wanarudi kutoka ng'ambo, kumzika bibi yake Zura mzaa mama. Gari lilikuwa limejaa tope mpaka madirishani. Zura alishuka akiwa amejifunika sweta ya baba yake, na jua lilikuwa kali. Mama alimpa kabalagala. Aliila nusu, nusu nyingine akaishika tu, mafuta yakimteremka vidoleni. Sikuelewa kwa nini hataki kucheza.

"Uko na nini?" nikamuuliza.

"Niko na baridi," akasema. Akainuka, akaenda kwenye gari ambalo Baba alikuwa amekwisha kulisuuza, akaegemeza viganja vyake viwili kwenye mlango wa nyuma, akainamisha kichwa kati ya mikono. Alikaa hivyo. Kisha akatapika.

Hajji alimshika kwenye paji la uso. Baba alitaka kumsogelea, lakini Hajji akainua mkono. "Baki huko, Papa Masika. Mutoto iko na joto sana. Na kule tulizika..." Hakumaliza. Alitoa simu, akapiga ile namba iliyokuwa ikitangazwa redioni kila saa, maana ilikuwa miezi ile ya Ebola, ambapo watu waliacha kupeana mikono, wakawa wanasalimiana kwa viwiko.

Mama alinisukuma ndani na kunifungia. Dirisha letu lilikuwa la mbao, na katikati ya mbao palikuwa na ufa. Kila nilichokiona, nilikiona kupitia ufa ule.

Niliona watu waliovaa meupe kuanzia vichwani hadi miguuni, wasio na nyuso, wenye macho makubwa ya kioo. Hawakupaza sauti. Mmoja alikuwa na mtungi mgongoni na mrija mkononi. Niliona Zura akiwa amekaa chini karibu na gari, na yule wa mtungi akaanza kupuliza dawa. Alipuliza ardhi, benchi, sufuria ya Mama, milango ya gari, na ukungu mweupe ukapanda ukamfunika Zura. Harufu ikaingia kwenye ufa, macho yakaniwasha, nikayafumba. Nilipoyafumbua, ukungu ulikuwa unashuka, na mahali pa Zura hapakuwa na mtu.

Bila shaka walikuwa wamekwisha kumbeba na kumwingiza kwenye gari la wagonjwa lililoegeshwa upande ambao ufa haukufika. Mtu mzima angejua. Mimi nilijua nilichokiona: walimpulizia dawa mpaka akaisha.

Hajji aliweka ufunguo juu ya jiwe. "Nakuachia gari, Papa Masika," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekwenda dukani. Kisha naye akaondoka nao.

Tukaambiwa tusitoke nyumbani. Kila asubuhi mama mmoja wa afya alikuja, akasimama mbali, akanyoosha kwenye mapaji ya nyuso zetu kile kipimo cha joto chenye umbo la bunduki. Mama alifumba macho kila alipoelekezewa. Majirani walipita upande wa pili wa barabara. Aliyetuletea unga aliuacha kwenye njia, akapiga kelele, akakimbia.

Na gari lilikaa pale uani, juani, na dawa ikiwa imekaukia juu yake. Hatukuruhusiwa kulikaribia. Kuku, waliokuwa wakipenda kulala kwenye vivuli vya magari, walilizunguka kwa mbali. Mchana joto lilipopanda bati lake liligonga, tak, kisha kimya, kisha tak, na jua liliposhuka likagonga tena. Baba alisimama mlangoni akilitazama.

"Dawa kali hivi haiachwi kwenye rangi," alimwambia Mama. "Ilitakiwa kusuuzwa kwa maji safi baada ya dakika chache. Tazama. Inakula ngozi."

Inakula ngozi. Niliyasikia nikiwa nyuma yake, na mambo yote yakakaa sawa kichwani mwangu. Dawa inakula ngozi. Ndiyo maana Zura haonekani. Hakwenda popote. Yuko palepale alipokuwa, ila hana ngozi ya kuonekana nayo.

Siku yule mama wa afya alipotuambia kwamba hatuna ugonjwa, na kwamba Baba anaweza kulisafisha gari akijikinga, Mama alimsihi asilisogelee. Baba alivaa gambuti, glavu nzito na barakoa. Alifungua milango yote upepo upite. Alianza na maji matupu, mengi, kutoka juu kwenda chini, kisha sabuni ya maji, kisha maji tena. Dawa mpya aliichanganya kama alivyoelekezwa, nyepesi, na hakuimwaga popote. Alilowanisha kitambaa, akafuta vitasa, usukani, gia, mikanda, kila mahali mkono wa mtu hufika, akasubiri, akafuta tena kwa maji safi. Vitambaa vya viti alivitoa na kuvichoma shimoni. Nilikaa kizingitini nikimtazama. Gari likiwa limelowa lilikuwa buluu kama zamani, nami nikafurahi.

Kisha likaanza kukauka.

Rangi ilififia taratibu, kuanzia paa kushuka, buluu ikawa kijivu, kijivu ikawa kama majivu. Na kwenye mlango wa nyuma, weupe uliposhuka, ulizunguka mahali fulani bila kupaingia. Kwanza niliona vidole. Kisha viganja. Viwili, vidogo, buluu tupu katikati ya majivu, vimeegemea mlango kama mtu anayeuzuia usifunguke.

Baba naye aliviona. Alisimama na tambara linalodondosha maji. Alimwagia maji mlango, viganja vikatoweka. Akangoja. Vikarudi.

"Ni mafuta," alisema baadaye kwa Mama, kwa sauti ya chini. "Mikono yake ilikuwa na mafuta ya kabalagala. Pale dawa haikushika."

Mama alijifunika uso kwa leso. Mimi sikuyasikia yale ya mafuta kama maelezo. Nilichokuwa nacho kilinitosha: Zura ameshika gari la baba yake, anamngoja, na kilichobaki kuonekana ni mikono tu.

Nilimwogopa, na nilimwonea huruma. Asubuhi, ukungu wa mlimani ulipotelemka na gari likawa na umande, viganja havikuonekana, nikajua amelala. Jua lilipopanda viliamka. Nilianza kuzungumza naye nikiwa mbali kidogo, pale nilipoambiwa nisipite. Nilimweleza kuhusu kuku aliyetaga ndani ya ndoo. Nilimwambia baba yake atarudi. Bati lilipogonga nilihesabu kuwa amejibu. Siku moja niliweka nusu ya kabalagala juu ya jiwe, na kesho yake haikuwepo. Sikuthubutu kumwambia mtu.

Habari za gari zilienea. Alasiri moja walikuja vijana kadhaa wa hapo juu barabarani, na mmoja alibeba jerikeni la petroli. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuwa ametufundisha sisi watoto kupanda baiskeli. Walisimama mbali na uzio.

"Papa Masika," akasema yule mwenye jerikeni kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "ile gari iko na alama za maiti. Batu banaona. Tutaichoma, tutakusaidia wewe mwenyewe."

"Gari ni ya mutu," Baba akasema.

"Mwenyewe harudi."

"Nani amekuambia?"

"Hapana na mutu anarudi kule. Toka karibu."

Niliposikia watachoma, nilipiga ukelele wa "Zura iko ndani!" na wote wakageuka kunitazama, na nadhani hilo ndilo lililowatisha zaidi. Yule wa jerikeni alirudi nyuma hatua. Ndipo Baba akafanya jambo ambalo Mama hakumsamehe kwa siku nyingi. Alivua glavu, ambazo bado alizivaa kila alipokuwa karibu na gari. Akaenda kwenye gari, akaweka mkono wake mtupu juu ya mlango wa nyuma, baina ya viganja vile viwili, akauacha hapo.

"Gari imesafishwa," akasema. "Mimi ndiye nimesafisha. Kama mnachoma, chomeni na mimi."

Mama alilia kwa sauti ndani ya nyumba. Vijana walibaki wamesimama, kisha wakaondoka mmoja mmoja, jerikeni likigonga magoti ya aliyelibeba. Baba alinawa mikono kwa sabuni, muda mrefu, kisha akakaa chini.

Tangu siku ile aliamua kulirudishia gari rangi yake. Wateja hawakuwepo, muda alikuwa nao. Alilisogeza kivulini. Kila siku alichukua sehemu ndogo, akaiosha, akaikausha, akapaka polishi na kuizungusha kwa kitambaa laini, bila kukandamiza, mpaka ule weupe ukakubali kutoka na buluu ikapanda tena kutoka chini. Paa likarudi, boneti likarudi, milango ya mbele ikarudi. Alipofika mlango wa nyuma alizifanyia kazi kingo zake, akaacha katikati.

"Mbona umeacha?" Mama akauliza kutoka mbali.

"Mwenyewe atasema."

"Na kama harudi?"

Baba akarudi kwenye kingo za mlango.

Hajji alirudi mchana, kwa miguu kutoka stendi, kwa kuwa hakuna bodaboda aliyekubali kumpakia. Nilimwona kwanza barabarani kama shati linalotembea. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, macho mekundu. Wenye maduka walisimama milangoni mwao, na alipopita mbele ya kila mlango, mtu aliyesimama pale aliingia ndani. Hakuna aliyemsalimia. Nikafikiri hawamwoni. Nikafikiri naye dawa imemla, na kwamba mimi peke yangu ndiye mwenye macho ya kumwona kwa sababu nimezoea kuzungumza na Zura.

Kwa hiyo sikumkimbia. Nilimwendea.

"Zura iko hapa," nikamwambia. "Anashika mulango. Amekungoja sana."

Hajji alinitazama, kisha akamtazama Baba, na Baba akainamisha kichwa. Wakaenda wote kwenye gari. Hajji alisimama mbele ya mlango. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na viganja vile, akavitazama muda mrefu sana, na bati likagonga mara moja, naye akashtuka.

"Papa Masika," akasema bila kugeuka. "Balimuosha bale batu ba nguo nyeupe. Na dawa. Mimi nilikuwa kitandani, upande mwingine wa plastiki. Niliwaomba waniache nimuoshe mimi baba yake. Bakasema haiwezekani. Bakamzika na mimi niko kitandani. Sikumuosha mutoto wangu."

Baba aliondoka. Nikadhani ameshindwa kusikiliza. Alirudi na ndoo ya maji safi na tambara jipya ambalo halikuwahi kugusa gari lolote.

"Polepole," akasema. "Usisugue. Acha maji yafanye kazi."

Hajji alikunja mikono ya shati. Alinawa kwanza yeye. Kisha akachota maji kwa kiganja, akamwagia kiganja cha kulia, kidole kwa kidole, akipitisha tambara kama unavyompitishia mtoto mchanga nyuma ya masikio. Kisha cha kushoto. Midomo yake ilikuwa inasema kitu nisichokisikia. Akarudia tena cha kulia. Maji yaliteremka mlangoni na kuingia mchangani, na mlango wote ukawa buluu moja, na viganja havikuonekana, naye aliendelea kuvifuata mahali vilipokuwa bila kukosea.

Mama alitoka ndani. Tangu siku ya watu wa mavazi meupe hakuwahi kupita jikoni kulielekea gari lile. Alikuja moja kwa moja, ana kitenge chake kipya, kile cha kanisani, kimekunjwa bado. Akampa Hajji kwa mikono miwili, kwa karibu, vidole vikagusana. "Mukaushe," akasema. "Si vizuri kumwacha na maji."

Hajji akaukausha mlango kwa kitenge. Viganja vikatokea tena. Nikawa na furaha, nikasema, "Unaona? Yuko."

"Naweza kuziacha alama," Baba akasema. "Haziharibu kitu."

Hajji alitikisa kichwa. "Mutoto hapana achwa mulangoni, Papa Masika. Malizia."

Baba alichukua polishi na kitambaa, lakini mkono wake ulikataa kushuka. Hajji akampokonya kitambaa kwa upole, akaanza mwenyewe, akizungusha kama alivyozoea kumwona Baba akifanya. Nilimvuta shati. Nilimwambia anamwondoa Zura. Nilimpiga mgongoni kwa ngumi, na Mama akanibeba, nikaendelea kupiga hewa. Majivu yaliyozunguka vidole yalififia, buluu ikasogea pande zote, na ghafla hapakuwa na mpaka tena kati ya mkono na mlango. Sikuona ni lini hasa viliondoka. Nilikuwa nimefumba macho.

Hajji aliomba maji mengine, akatawadha, akauliza kama anaweza kusali pale uani. Baba alifagia haraka, akamtandikia maboksi. Hajji akasimama akielekea milimani, upande wa kibla, akainua mikono.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyevuka wa kwanza. Aliacha viatu vyake mbali, akasimama nyuma ya Hajji. Akaja muuza mchele. Wakaja madereva wawili wa malori waliokuwa wanangoja foleni ya mpaka. Kisha wakaja wale wale walioingia ndani Hajji alipopita, kila mmoja akitazama chini, wakajipanga bega kwa bega, wamegusana, watu ambao kwa miezi hawakuwa wamegusana na mtu. Mstari ukajaa, ukaanza mwingine.

Nilijua Waislamu wakisali huinama, kisha huweka paji la uso chini. Nikangoja. Walisimama tu. Hajji alitamka neno, wakakaa kimya, akatamka tena, na hakuna aliyeinama.

"Mbona hawainami?" nikamnong'oneza Mama.

"Hii hawainami. Hii ni ya kumwombea mutu aliyekufa."

"Nani amekufa?"

Mama alinishusha chini. Alichuchumaa mbele yangu kama Hajji alivyochuchumaa mbele ya mlango, akanishika mabega, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alilitaja jina.

"Zura," akasema.

Nilijitoa mikononi mwake. Nikaenda nikasimama mwisho wa mstari wa nyuma, pembeni ya dereva mmoja wa lori, mikono nimeifumbata kifuani kama yeye. Hakuna aliyenifukuza.